Vitambaa vya Fulani

4 Februari

Mwanangu Kiluwiluwi,

Salamu nyingi kama pini zilizotapakaa sakafuni mwangu. Mimi ni mzima. Mguu wa kushoto unalalamika kwa sababu ya kukanyaga cherehani, nami naujibu kwa kukanyaga zaidi.

Najua utasema, Mama, si upige simu. Nimeshakueleza habari ya simu: maneno yakitoka yamekwenda zake. Barua yako ikija naiweka mezani karibu na mkasi. Mteja akiingia kupimwa namwambia simama wima, nyoosha mikono, huku namsomea. Mtu aliyenyoosha mikono na tepu iko kifuani hawezi kuondoka. Ndiyo maana mtaa mzima unajua ulivyoumwa jino mwaka jana.

Sasa habari. Wamekuja watu wawili kutoka ofisini kwenu wakabandika tangazo kwenye ukuta wa saluni. Karatasi imejaa namba tupu, asilimia hii, mita ile. Mwalimu mstaafu ndiye pekee aliyeisoma mpaka chini. Akatuambia maana yake ni kwamba kile kijito nyuma ya nyumba zetu kitafunikwa kwa zege, maji yapite kwenye bomba, juu yapite magari. Tarehe 18 Machi kuna mkutano. Wakazi wakinyoosha mikono kukubali, kazi inaanza. Watu wakasema haya, wakaenda zao. Fundi Pikipiki alibandua kona moja ya tangazo akafutia mikono.

Mimi nikawauliza, ile ramani pale chini mmeiona? Imechorwa na mwanangu. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini nilipita nyumba zote za upande wetu, na za upande wa pili niliwapigia kelele kutoka ukingoni. Hicho siku hizi si kijito tena, mwanangu, ni mtaro wenye mbu na harufu. Kifunike. Nitakaa mlangoni nikiwaambia wapita njia: tembeeni taratibu, mnakanyaga kazi ya binti yangu.

Ni mimi mama yako,
Fundi Cherehani namba moja wa mtaa huu (namba mbili hayupo)


11 Februari

Mama mpenzi,

Shikamoo. Jino limepona, waambie.

Nakuomba kitu kimoja: acha kuwaambia watu kwamba ramani ile nimeichora mimi. Ni kweli nimeichora. Mkuu wa idara alinipa rula akasema niunyooshe mto uwe mstari, maana mstari ni rahisi kuumwagia zege. Nilipofika kwenye ile kona ya nyuma ya jiko letu, pale nilipokuwa nakamata viluwiluwi kwa kikombe chako cha chai, rula ilipita juu yake mara moja tu, kona ikawa haipo. Nikaenda chooni nikalia. Kisha nikanawa, nikarudi kuandika vipimo.

Siwezi kumwambia Mkuu. Yeye anaamini namba tu. Siku moja nilithubutu kusema kwamba mto ule una ndege, akauliza wangapi. Nikipinga mradi, kazi sina. Wanaoweza kuukataa ni ninyi, kwa kutonyoosha mikono siku ya mkutano, lakini mimi sikukwambia hivyo.

Jumapili nilikaa nikaandika haya. Ni yako peke yako, Mama. Usiwasomee wateja. Narudia: usiwasomee wateja, hata aliyenyoosha mikono.

Nilikuja na kikombe, asubuhi kwa furaha,
Viluwiluwi niombe, wacheze nami mzaha,
Matete yanipe pembe, nijifiche nina raha,
Kijito umenilea, nani sasa akulee?

Maji yamevaa giza, mafuta yameenea,
Chura naye anyamaza, wimbo umempotea,
Mdiria kauliza, nani alinikosea?
Kijito umenilea, nani sasa akulee?

Vitambaa vya fulani, vyekundu na vya manjano,
Vimenasa mateteni, vyapunga kama mikono,
Vyaomba toka majini, virudi kwenye mshono,
Kijito umenilea, nani sasa akulee?

Mwanao,
Kiluwiluwi


17 Februari

Mwanangu mshairi,

Kumbe. Miaka yote nadhani nimezaa mchora ramani, kumbe tumbo langu lilikuwa na mambo zaidi.

Agizo lako nimelitii. Nilianza kwa kuwasomea pale ulipoandika nisiwasomee wateja, ili wote waelewe kwamba ni siri, na wote wakaapa. Alikuwepo Msusi wa saluni, Fundi Pikipiki, na Mwalimu mstaafu aliyekuja kupunguziwa suruali. Watatu tu. Na wale waliokuwa mlangoni.

Ubeti wa kwanza, Mwalimu alikuwa amenyoosha mikono nimpime, akasahau kuishusha. Alisema kaka yake, marehemu, alimfundisha kuogelea pale pale kwa kumsukuma. Msusi akasema pale ndipo alipomwosha nywele mteja wake wa kwanza, kabla hajapata bomba, na yale maji yalikuwa laini hata sabuni ilikuwa inaona aibu. Mimi nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi na matope mpaka masikioni. Na yule mdiria, ndege wa buluu mwenye mdomo kama sindano ya gunia! Nilikuwa nimemsahau kabisa, mwanangu. Mtu anawezaje kumsahau ndege wa rangi ile? Nimeshona buluu maisha yangu yote na sijaipata ile.

Ubeti wa pili, Fundi Pikipiki akakaa juu ya nguo nilizopiga pasi. Akauliza, "Hayo mafuta ni ya nani?" Akajitazama vidole. Kisha akasema, "Pikipiki ziko nyingi duniani."

Lakini ubeti wa tatu ndio uliowamaliza. Nilipofika kwenye vitambaa vya fulani, duka zima likanigeukia. Nimewahi kuheshimiwa, lakini kutazamwa namna ile sijapata. Walikuwa wanamtazama mwanamke aliyemzaa mshairi. Msusi alijiziba mdomo kwa kiganja, mabega yakawa yanatikisika. Analia, maskini. Ana wivu lakini moyo anao. Mwalimu akakohoa, akaniuliza, "Fundi, huyo fulani unamfahamu?" Nikamwambia mimi si mtu wa kusengenya, ila watu wa aina hiyo wapo, wanatupatupa ovyo halafu wanashangaa harufu, nyani haoni kundule. Wakasema, "Kweli, Fundi. Kweli kabisa." Tukaagana vizuri. Nikafagia duka, nikakung'utia kapu la vipande dirishani, upande wa mtoni, kama kawaida yangu, nikafunga.

Tangu hapo shairi limetoka lenyewe. Mwalimu aliliandika kwenye ubao wake anapofundisha watoto hesabu, kwa sababu anasema lina mizani iliyotulia. Watoto wanaliimba njia nzima. Tangazo la namba limekaa ukutani wiki mbili na hakuna anayekumbuka namba hata moja, lakini jana nimemsikia muuza mkaa akimfokea mtu darajani, "Usimwage hapo, wewe umelelewa na nani?" Na hakuna anayesema mtaro tena. Wanasema kijito. Mimi mwenyewe sijui sasa siku ya mkutano ninyooshe mkono au niukalie.

Mama yako,
Mzazi wa Mshairi


24 Februari

Mama,

Shikamoo.

Wapima ardhi walikuja mtaani kwetu kupigilia vigingi. Wamerudi navyo vyote. Wanasema kila wakichimba shimo anakuja mtoto analikalia, anaimba. Mmoja wao amekuja na hilo shairi ofisini. Anaimba kile kibwagizo akikoroga chai, na leo nimemsikia mhasibu naye anakiimba huku anapiga muhuri.

Mkuu ameitisha kikao. Ameandika ubaoni: MTUNZI NI NANI? Amesema akigundua ni mtumishi wake, atamfukuza siku hiyo hiyo. Kisha akanitazama akauliza, "Wewe si unatoka pande zile?" Nikasema natoka karibu na pale. Mama, unaweza kunyamaza? Najua ni kama kumwomba jogoo asubiri saa tatu, lakini nakuomba.

La pili ni zito zaidi, na nimeliandika mara nne nikalichana. Ulisema duka zima lilikugeukia kwenye ubeti wa tatu. Mama, usome tena ule ubeti. Usome polepole, umesimama kwenye dirisha la nyuma. Kisha ujiulize mtaa wetu una mafundi cherehani wangapi.

Sikukusudia ausikie mtu yeyote. Nisamehe.

Kiluwiluwi


2 Machi

Kwako Binti,

Barua nimeipata. Nimeisoma peke yangu, mlango umefungwa. Wateja wamegonga wamechoka.

Kwa hiyo fulani ni mimi.

Nilikwenda kwa Msusi nikamuuliza siku ile alikuwa analia au anacheka. Akasema alianza na kimoja akamalizia na kingine. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Shoga, ulikuwa unalisoma vizuri sana, nani angekukatisha?"

Sikufichi, nilikasirika. Nilikutungia barua nyingine kabla ya hii, ina maneno makali yaliyopangika, nitakusomea siku moja. Nilikuuliza humo kama unajua vipande vile ndivyo vilivyobaki kwenye nguo zilizokulisha. Kisha nikasema ngoja kwanza. Mtu yeyote anaweza kuwa na kitambaa. Nikachukua reki, nikateremka mtoni mchana kweupe kuthibitisha kwamba si vyangu.

Cha kwanza kuvuta ni bitana ya koti alilostaafia Mwalimu. Cha pili ni cha manjano, gauni la harusi la Msusi. Ndoa ile haikudumu, lakini kitambaa kimedumu. Nikavuta tena na tena. Mwanangu, hakuna hata kimoja nilichokivuta nikakosa kukijua. Mtaa mzima niliuvisha, na kwa vilivyobaki nikauvisha mto.

Halafu matopeni chini ya matete nikapata kola ndogo, ya buluu iliyofifia. Ni ya sare yako ya kwanza ya shule. Nilikosea kuikata nikaitupa dirishani, nikashona nyingine haraka usichelewe. Nikaivuta huku na huku. Mshono haujafumuka. Miaka yote hiyo majini. Mimi si mtu wa kujisifu, lakini mwambie huyo Mkuu wako alete zege lenye uimara huo.

Nikakaa pale pale kwenye tope na gauni langu la kazi. Nikajisemea ule mstari, vyaomba toka majini, virudi kwenye mshono. Uliujuaje? Ulikuwa huko mbali na rula yako, na kola yako ilikuwa huku inasubiri.

Kuhusu kunyamaza, nimenyamaza. Mpima ardhi mmoja alikuja dukani kutafuta mtunzi. Sikumwambia ni wewe. Nilimwambia ni mimi. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza nimesoma mpaka wapi. Nikamwambia mpaka darasa la tano, na la sita nililisikiliza kupitia dirishani. Akaandika.

Mama yako,
Fulani


9 Machi

Kwa Fundi Cherehani,

YAHUSU: SHAIRI LINALOZUIA VIGINGI

Ofisi imepokea taarifa kwamba wewe ndiye mtunzi wa utungo wenye beti tatu unaoimbwa katika eneo la mradi. Ofisi imeuchunguza. Ubeti wa kwanza hauna takwimu. Ubeti wa pili unadai kwamba chura amenyamaza, bila kuonyesha kiwango cha kelele zake za awali. Ubeti wa tatu unamtuhumu mtu asiyetajwa, jambo ambalo si haki.

Unatakiwa kufika kwenye mkutano wa tarehe 18 ukathibitishe mbele ya wakazi kwamba maneno haya ni yako, na umtaje huyo fulani. Mtunzi wa kweli hashindwi kueleza alichoandika. Ukishindwa, ofisi itaamini kwamba umetungiwa na mtu wa ndani, nami nitamtafuta.

Nitafuatana na mchora ramani wetu.

Mkuu wa Idara


19 Machi

Mwanangu,

Najua jana ulikuwepo. Lakini muda wote ulikuwa umeinamia ile ramani kama mtu anayetafuta sindano, kwa hiyo nakueleza ulichokikosa.

Nilipita tena nyumba zote, mara ya kwanza maishani kuwaomba watu wasikujue. Nikawaambia akija na Mkuu wake, ni mgeni. Wametii mpaka wakazidisha. Msusi, aliyekusuka tangu ukiwa na meno mawili, alikupa mkono akauliza, "Karibu dada, kwenu ni wapi?" Mwalimu akakuonyesha njia ya kwenda chooni, akaongeza, "Bila shaka hujawahi kufika huku." Hapo nikamkanyaga.

Mimi mwenyewe nilikuwa sawa kabisa mpaka nilipouona uzi unaoning'inia kwenye kola yako. Nilijizuia Mkuu alipofungua mkutano. Nilijizuia asilimia ya kwanza. Ya pili sikuweza. Nikainuka, nikapita mbele ya watu wote, nikaukata kwa meno. Mkuu akanitazama sana. Nikamwambia, "Fundi ni fundi, bosi, hata uzi wa mgeni unaniwasha." Nadhani aliamini.

Akamaliza namba zake. Watu walikaa kwa adabu, kama mgonjwa anayesomewa jina la dawa. Kisha akasema, "Mtunzi asimame."

Nilikuwa nimevaa gauni la zambarau, lile la mabega ya kupanda. Nikasoma ubeti wa kwanza, watu wakaitikia kibwagizo, watoto waliokuwa nje dirishani nao wakaitikia. Ubeti wa pili, Fundi Pikipiki akaanza kuchunguza viatu vyake. Nilipofika wa tatu Mkuu akainua kidole. "Hapo hapo. Huyo fulani ni nani? Mtaje."

Watu wote mle ndani walilijua jina, na hakuna aliyefungua mdomo. Msusi, ambaye amesubiri nafasi kama hiyo tangu tugombane kuhusu kamba ya kuanikia, alikuwa anatazama dari. Ndipo nilipojua kwamba nina majirani. Nami nikamwona mtu mmoja ameinamia ramani, masikio yamemuiva, anataka kuinuka aseme. Nikamuwahi.

Vitambaa vyangu jamani, vyekundu na vya manjano...

Mwalimu akahesabu kwa vidole, akaona mizani imezidi moja. Akafungua mdomo. Akaufunga. Nitamheshimu kwa hilo mpaka kaburini.

Nikamaliza ubeti. Mkuu akasema, "Yaani unajishitaki mwenyewe?" Nikamwambia mtunzi wa kweli hashindwi kueleza alichoandika. Halafu nikasikia kiti kinaburuzwa. Fundi Pikipiki amesimama. "Na yale mafuta ni yangu," akasema. "Nilikuwa nadhani mto ni kama choo, unamwaga na unasahau. Sasa kila nikimwaga nasikia watoto wanaimba." Hajakaa vizuri, Msusi naye juu, amekasirika. "Na mimi je? Nywele zangu za bandia zimejaa chini ya daraja lote, mbona simo kwenye shairi?" Akatunga pale pale:

Nywele hizo ni za kwangu, za saluni ya mtaa...

Alitaka kuongeza na saa za kufungua, tukamkalisha. Muuza mkaa akasema majivu yake yalianza kabla ya nywele, apewe ubeti wa mbele. Wakazozana. Mkuu akakaa. Akasema amefanya kazi hii mpaka amepata mvi na ameona watu wakigombea kukana, lakini watu wakigombea lawama hajawaona.

Mwishoni akasema kwa sauti ya kuchoka, wanaokubali zege wanyooshe mikono. Hata mmoja hakunyoosha. Nilikuwa nimeshawaonya: atakayenyoosha mkono nitampima, na nikimpima nitamsomea barua zako zote tangu ile ya jino.

Amesema basi, mradi usubiri mvua zipite. Akija akakuta ni mtaro, ataufunika. Akikuta ni kijito, atakiacha wazi.

Mama yako,
Mshairi wa Kuazima


27 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa ajili ya siku ile ambayo sikuweza kukuamkia.

Sikuwa natafuta sindano kwenye ramani. Nilikuwa nalia. Uliposema "vyangu" chozi lilidondoka juu ya ule mstari wa rula, nikalifuta kwa kidole, wino ukatambaa ukapinda. Kurudi ofisini Mkuu akaikunjua mezani, akaona mto umeota kona. Akauliza, "Hapa pamefanyaje?" Nikasema palilowa. Akaitazama kwa muda mrefu, akanipa karatasi mpya. "Chora upya," akasema. "Safari hii fuata maji. Nitakuwa na ramani mbili, mvua zikipita nitajua ya kutumia."

Kisha akafunga mlango. Nikajua sasa nafukuzwa. Akasema tangazo lile la namba halikusomwa na mtu, na kwamba ofisi inahitaji jingine la kuwaambia watu wa mitaa ya juu wasitupe taka mtoni, liwe na vina. Niandike barua kwa yule fundi, nimwombe kwa heshima atutungie ubeti. Ila ziingie takwimu mbili, akasisitiza, hata moja. Kwa hiyo nakuomba kwa heshima, Mama, unitungie ubeti nitakaoutunga mimi.

Alipofika mlangoni akageuka. "Msalimie mama," akasema. Kisha akaigusa kola yake, pale pale uliponikata uzi, akatoka.

Sijalala vizuri tangu hapo, lakini kazi bado ninayo.

Mwanao,
Kiluwiluwi


6 Juni

Mwanangu Kiluwiluwi,

Salamu kwako na kwa Mkuu, ambaye mimi nilijua tangu mwanzo ni mtu mwelewa.

Ule ubeti wa tangazo nimeupata. Ni mzuri, ila mstari wa pili haujakaa, nimewaambia watu niliuandika nikiwa na homa.

Mvua zimepita. Dirisha la nyuma nimelipigilia mbao nusu, kwa sababu mkono una mazoea, ulikuwa unainuka na kapu wenyewe. Vipande sasa najazia mito ya kulalia. Kila nyumba mtaani ina mto niliouuza mimi, na kila anayeununua namwambia alale taratibu, ameulalia ubeti wa tatu. Fundi Pikipiki anakusanya mafuta yake kwenye dumu na analisindikiza kama mgonjwa. Msusi kapewa ubeti wake, wa nne, anausoma kila mteja akiwa chini ya mashine ya kukausha nywele. Ameiba mtindo wangu, lakini sikumwambia kitu. Aliniazima reki yake wiki tatu.

Jumamosi Mkuu alifika. Alivaa viatu vya mvua, akateremka mpaka kwenye ile kona yako nyuma ya jiko, akasimama. Nilimfuata na kikombe cha chai, kile kile chako, maana mgeni ni mgeni. Akainywa, akainama kukisuuza, akaganda. Akaniita kwa mkono bila kugeuka. Ndani ya kikombe palikuwa na kiluwiluwi mmoja, mweusi, ana kichwa kikubwa na mkia wenye haraka, sura yako tupu. Nikamuuliza Mkuu, "Wangapi?" Akasema, "Mmoja, Fundi. Andika mmoja. Anatosha." Akamrudisha majini polepole, kama mtu anayemlaza mtoto. Na ramani aliyoitoa kwenye begi ilikuwa ile yenye kona.

Nimekaa pale baada ya yeye kuondoka. Mdiria sijamwona bado. Lakini jioni yake kuna mtu mmoja, yule chura wako wa ubeti wa pili, alianza kukoroma mateteni, mara moja, akanyamaza, kama anayejaribu koo. Duka zima tulitoka kusikiliza, mpaka aliyekuwa amevaa gauni lenye pini.

Sasa nina lalamiko. Shairi lako limeharibika. Jana nilimsomea mteja mpya, nikafika kwenye vitambaa mateteni, akachungulia nje akasema, "Mbona sivioni?" Nimeaibika. Ubeti wa tatu umekuwa uongo, na mimi sisomi uongo dukani mwangu. Kaa chini utunge mwingine, mwanangu, haraka. Watu wamenyoosha mikono wanasubiri.

Ni mimi mama yako,
Fundi Cherehani namba moja, aliyekuwa Fulani